Mwitikiaji

Luhaga alikuwa na ugonjwa ambao haukuwa na dawa katika duka lolote la Mwanza: hakuweza kumaliza maneno yake asipoitikiwa. Atakuambia, "Jana nilikwenda Kirumba," halafu atanyamaza na kukukazia macho. Usiposema "ehe," naye hakuambii alichokifuata huko Kirumba. Wapangaji wenzake pale Mabatini walidhani ni kigugumizi. Mama mwenye nyumba, ambaye hakujaliwa subira, alidhani ni dharau, na alishamwambia kwamba kama ana neno alitoe lote kwa mkupuo, yeye ameacha ugali jikoni.

Hakikuwa kigugumizi wala dharau. Yalikuwa malezi. Kwao Misungwi, katika nyumba ya bibi yake, hadithi haikutolewa ovyo kama tangazo la mkutano. Kabla ya kuanza, bibi aliwatazama wajukuu mmoja mmoja, kisha akachagua mwitikiaji. Huyo alikaa karibu naye, na kila bibi alipopumua yeye alisema "ehe." Akisema "ehe" ya mashaka, bibi alirudi nyuma akaieleza vizuri. Akisema "ehe" ya woga, bibi alimwongezea zimwi jino. Akisinzia, hadithi imekwisha, hata kama binti wa watu bado yumo tumboni mwa nyoka, na wote mkalale. Ndiyo maana bibi hakumchagua mtoto mwenye sauti nzuri wala mtoto mtiifu. Alimchagua yule aliyemwamini. Luhaga alichaguliwa mara moja tu katika utoto wake wote, na hata alipoota mvi aliikumbuka siku hiyo kuliko siku ya kipaimara chake.

Basi neno hilo, mwitikiaji, ndilo lililokuja kumponza. Kwao lilikuwa cheo, na hakuwahi kujiuliza kama na kwa wengine ni hivyo.

Kwa miaka mingi Luhaga alikuwa mtunza stoo katika kiwanda kimoja cha nguo. Kiwanda kilikuwa na kikundi cha utamaduni, kama viwanda vingi vya umma siku zile, na kazi kubwa ya kikundi ilikuwa kumwimbia mgeni kutoka wizarani kwamba amefika salama, jambo ambalo mgeni mwenyewe alikuwa analijua. Humo ndimo alimokutana na Odeta. Odeta alikuwa idara ya kusokota nyuzi, mjane kutoka Bukoba, mpiga kinanda wa kwaya ya parokia. Alikuwa mwanamke mtaratibu, mwenye kufunga kitambaa cha kichwa kikakaa kutwa nzima bila kulegea, na asiyependa kurudia jambo alilokwisha kulisema.

Mwenyezi Mungu alikuwa amegawa kwa usawa. Luhaga alikuwa na hadithi za bibi yake zote kichwani, ila sauti ya wimbo haikumkaa hata kwa dawa. Wimbo wa taifa aliuimba kama mtu anayesoma gazeti. Odeta hakujua hadithi hata moja mpaka mwisho, lakini tuni zilimjia hata akiwa anapepeta mchele. Wageni wa wizarani walipopungua, wawili hao walianza kujifungia katika bwalo la kiwanda baada ya zamu ya asubuhi, wakitengeneza michezo ya nyimbo kutokana na hadithi za kale. Walifunga madirisha yote, kwa sababu bibi alikuwa amekataza hadithi za mchana, na Luhaga aliona kwamba giza likiwa la kutosha hadithi yenyewe haitajua ni saa ngapi. Aliketi kwenye kigoda akitazama ukuta, mgongo kwa Odeta, maana alikuwa mtu wa haya na hakuweza kusimulia huku akitazamwa. Odeta alikaa nyuma yake kwenye kinanda alichokiazima parokiani. Luhaga alisimulia, akapumua. Odeta akasema, "Ehe." Akaendelea, akapumua. "Ehe." Na pale ambapo "ehe" haikutosha, pale binti alipoachwa peke yake ufukweni au mama alipotaja jina la mtoto aliyepotea, Odeta hakusema kitu. Aliitikia kwa vidole. Hicho alichokipiga ndicho kilichokuwa wimbo.

Luhaga alimpenda. Tuseme wazi hapa, kwa kuwa mwenyewe hakusema popote.

Ikaja miaka ya ruksa, ya biashara huria, na kila kitu kikapata ruksa isipokuwa kiwanda. Mitumba ya Ulaya ilijaa soko la Mlango Mmoja, shati zuri kwa bei ya andazi, na nani tena akanunue kitambaa cha kushonesha? Mashine zikanyamaza moja baada ya nyingine. Wafanyakazi wakapunguzwa, na hilo neno kupunguzwa lilikuwa la adabu tu, kwani hawakubaki wengi wa kuhesabika. Kikundi cha utamaduni kikafa bila hata kuimbiwa. Huyu alikwenda kuparua samaki kwenye kiwanda cha minofu, yule akarudi kulima pamba upande wa Magu. Luhaga akapata kazi ya kulinda ghala la mtu. Odeta akawa anaishi Nyegezi kwa dada yake Justa, akifundisha kwaya zinazojiandaa kwa harusi. Lakini bwalo lilikuwa bado halijapata mnunuzi, na mlinzi wa pale alikuwa mtu wa Misungwi, hivyo mchana wawili hao waliendelea kufunga madirisha.

Ndipo alipotokea Chenge, mfanyabiashara wa magodoro, aliyekuwa amejenga ukumbi wa burudani Kirumba. Disko lilimletea vijana, lakini Jumapili mchana ukumbi ulilala, naye alitaka wazazi waje na watoto wao wanywe soda. Alimwambia Luhaga kwamba watoto wa siku hizi wanajua mateke ya kwenye video tu, hawajui zimwi ni nini, na akamtaka amtengenezee mchezo mmoja mkubwa.

Walishona hadithi kadhaa kuwa moja. Sungura alikuwemo, na kobe, na bibi kizee mwenye kibuyu kinachosema. Katikati waliiweka hadithi ya binti aliyerudi ufukweni kuchukua ushanga aliousahau, akakamatwa na zimwi, akatiwa ndani ya ngoma. Zimwi likawa linapita kijiji kwa kijiji likipiga ngoma, na binti ndani akilazimika kuimba, na watu wakilishangilia zimwi, wakisema ngoma yako ina sauti tamu. Mpaka siku moja ngoma ikapigwa kwenye ua wa mama yake, na mama akaitambua sauti. Ngoma yenyewe walitengeneza kwa pipa la mafuta lililovishwa kitambaa, na ndani yake wakamtia Kija, binti aliyekuwa msokota nyuzi wa mwisho kuajiriwa na wa kwanza kupunguzwa, mwenye sauti ya kupasua bati.

Kazi ilikwenda vizuri hadi mwisho wa hadithi. Hapo Odeta aliondoa mikono kwenye kinanda, akauliza jambo ambalo katika nyumba ya bibi hakuna aliyewahi kuuliza. "Muda wote huyu binti anaimba kwa kuwa anapigiwa ngoma," alisema. "Akishatoka, ataimba nini?"

Luhaga akajibu alivyofunzwa. Kwa bibi, binti akishatolewa anakula ugali na hadithi imekwisha. Odeta akatikisa kichwa, akasema haiwezekani, lazima pawe na wimbo wa pale, wimbo ambao hakuna anayemlazimisha kuuimba, na kwamba atautafuta. Aliahidi kuuleta Jumamosi ya kabla ya onyesho. Luhaga alifurahi kupita kiasi, na kwa ile furaha akajikuta amegeuza kigoda na kumtazama usoni, akasema, "Dada Odeta, bila wewe mimi sina hadithi." Odeta akacheka kidogo, akafunika kinanda. Luhaga alikwenda nyumbani miguu haigusi chini.

Ijumaa wakaenda pamoja Kirumba kuangalia tangazo. Josephat, mchoraji wa vibao vya maduka, alikuwa amelichora kwenye ubao mkubwa mbele ya ukumbi, kwa maneno ambayo Luhaga mwenyewe alimtajia. Juu palikuwa na zimwi lenye meno mengi kuliko mdomo. Chini yake paliandikwa, MTUNZI: RUHAGA. Na chini ya hapo, MWITIKIAJI: ODETA.

Luhaga alikuwa amelifikiria neno hilo usiku kucha kabla ya kumpa Josephat. Chenge alishauri waandike mpiga kinanda, yeye akakataa. Alitaka Mwanza nzima ijue kwamba katika watu wote duniani huyu ndiye aliyemchagua akae karibu naye. Alikuwa na hakika kwamba Odeta akiliona atajua yote, na kwamba hatakuwa na haja ya kuyasema kwa mdomo. Ndivyo walivyo watu wa haya. Wakipata neno la kujifichia nyuma yake, wanadhani wamesema.

Sasa amefika pale, badala ya kulitazama neno lake, jicho likanasa kwenye ile R. "Josephat," akasema, "mimi siyo Ruhaga. Mimi ni Luhaga." Josephat alikuwa mtu wa ng'ambo ya ziwa, na masikioni mwake herufi hizo mbili ni ndugu wa tumbo moja, akajitetea kwamba wote wanajua ni nani. Luhaga akashikilia. Ikabidi kitambaa kitiwe mafuta ya taa, herufi ifutwe, rangi ichanganywe upya, na Luhaga akasimama hapo akisimamia kama fundi mkuu hadi L ikakaa sawa. Odeta alikuwa amesimama pembeni muda wote huo, mkoba mkononi, akisoma ubao.

"Haya, unaonaje?" Luhaga akamuuliza.

"Limesomeka," akasema Odeta.

Mtu aliyelelewa kusikiliza aina zote za "ehe" hakusikia kwamba hiyo haikuwa "ehe" ya aina yoyote.

Jumamosi Odeta hakutokea. Luhaga alifunga madirisha, akaketi kwenye kigoda akitazama ukuta, akijiambia anakuja. Alipogeuka kupunguza hamu, aliona mahali pa kinanda ni patupu. Mlinzi akamwambia kimerudishwa parokiani tangu asubuhi, mama mwenyewe alikuja na mkokoteni. Hakuacha maneno? Hakuacha. Kija na wenzake walifika, wakafanya mazoezi yao, wakaondoka, na Luhaga akabaki peke yake katika lile bwalo kubwa lililokuwa likilisha watu wa zamu tatu. Akajaribu kusimulia mwisho wa hadithi ili apate neno la kuziba pengo la wimbo. "Mama akaitambua sauti," akaanza, akapumua. Njiwa wakakwaruza bati juu. Akarudia kwa sauti kubwa zaidi, akapumua tena. Hakuweza kuvuka sentensi ile. Mzee mzima alikaa gizani saa sita mchana akisubiri ukuta uitikie, akalia.

Mngemuuliza kwa nini hakupanda kwenda Nyegezi siku ile ile, angewajibu ana sababu, na sababu yake ndiyo ilikuwa kilele cha ujinga wake. Aliamini kwamba Odeta amelielewa tangazo vizuri mno. Ameelewa kwamba anapendwa, hakupenda, akaondoka kwa heshima ili asimwaibishe. Mwanamke wa watu anajitafutia riziki, na wewe mlinda ghala mwenye mvi unamgeuzia kigoda. Kwa hiyo kumfuata ingekuwa kumwongezea usumbufu. Luhaga akakata shauri la kunyamaza, na kunyamaza alikujua kuliko kitu kingine chochote.

Onyesho la kwanza lilifanyika Jumapili hiyo. Chenge alileta mpiga gitaa kutoka bendi ya ukumbi, akateremsha mapazia ya madirishani. Watu walifika, wazazi na watoto na soda zao. Luhaga alipotoa mwito wa kufungua hadithi, ukumbi mzima uliitika kwa kishindo, kisha kila mmoja akarudi kwenye chupa yake. Alisimulia akipumua pale alipozoea kupumua, na kila alipopumua palikuwa na kimya ambamo ulisikia vizibo vikifunguliwa. Kija, aliyekuwa ndani ya pipa na mwenye huruma, alianza kumwitikia kutoka mle ndani, "ehe" yenye mwangwi wa bati, ikija mapema mno kila mara, na watoto wakacheka wakidhani ni sehemu ya mchezo. Mwishoni ngoma ilifunguliwa, binti akatoka, na hakuwa na wimbo. Mpiga gitaa akajaza kwa mdundo wa dansi aliokuwa nao mkononi. Watu walipiga makofi, Chenge akaridhika, akasema Jumapili ya pili warudie. Luhaga alitembea hadi Mabatini kama mtu aliyetoka kuzika.

Katikati ya wiki alikwenda Mlango Mmoja kumrudishia Evelina nguo ya zimwi ikarekebishwe kiuno. Evelina alikuwa mshonaji wa kikundi tangu enzi za kiwanda, sasa akiuza mitumba, na aliimba kwaya moja na Odeta. Alimpokea kwa uso wa jiwe. Luhaga akauliza, kwa kuzungukazunguka, kama Dada Odeta hajambo. Evelina akaendelea kukunja suruali, akasema hajambo, anafunga mizigo, masista wa Bukoba wamempa kazi ya kufundisha nyimbo shuleni kwao. Kisha uvumilivu ukamwishia.

"Kaka Luhaga, kwaya yetu imejaa waitikiaji," akasema. "Wengine hawajui hata noti, wanafungua mdomo wakiona mwenzao kafungua. Mtu amekutungia nyimbo zote zile, toka tuko kiwandani, halafu unamwandika mwitikiaji? Mbele ya mji mzima?"

"Kwetu mwitikiaji," Luhaga akaanza, akapumua akisubiri. Evelina hakusema "ehe." Alichukua suruali nyingine. Na katika kimya kile Luhaga alielewa, polepole, kwanza neno, halafu herufi, halafu mafuta ya taa na yeye alivyosimama pale akisimamia jina lake mwenyewe. Akaomba akae juu ya robota la nguo.

Kesho yake mchana alikuwa Nyegezi. Justa, dada mtu, alimkaribisha uani, akampa kiti, akakumbuka ana shughuli kwa jirani. Odeta alikuwa anafunga kamba kwenye sanduku la bati.

"Karibu, Bwana Luhaga," akasema. Zamani alikuwa akimwita kaka.

Luhaga alieleza. Alieleza juu ya bibi, na watoto waliotazamwa mmoja mmoja, na aliyechaguliwa, na hadithi inayokufa mwitikiaji akisinzia. Ilimchukua muda mrefu, kwa sababu alipumua kila mahali na hakuna aliyemwitikia. Kila sentensi aliisukuma mwenyewe, kama mtu anayesukuma gari bovu mlimani. Odeta alimsikiliza hadi mwisho mikono ikiwa juu ya kamba.

"Ungeniambia hivyo siku ile," akasema.

"Nilidhani unajua."

"Ningejuaje? Sisi kwenye kwaya anayeitikia ni yule asiye na lake. Nilisimama pale nikakuona unavyohangaika na Josephat kwa herufi moja ya jina lako. Nikasema moyoni, akimaliza hiyo atalitazama na langu. Ukamaliza, ukaniuliza naonaje." Akakaza fundo la kamba. "Nilijiona niko ndani ya lile pipa. Naimba mimi, anasifiwa mwenye ngoma."

Luhaga alikuwa ameisimulia hadithi hiyo maisha yake yote, na siku zote alisimama uani pamoja na yule mama anayeitambua sauti. Haikumpitia akilini hata siku moja kwamba anaweza kuwa yule mwingine. Ilimuuma mahali ambapo hakuwa na la kujitetea, na kwa mara ya kwanza hakujaribu.

"Hata kuja kuuliza?" Odeta akasema, sasa kwa upole. "Nyegezi si Ulaya."

"Nilidhani umenikimbia kwa sababu umejua nakupenda."

Ilimtoka yote kwa pumzi moja, bila kusubiri kuitikiwa. Mama mwenye nyumba wa Mabatini asingeamini.

Odeta alikaa juu ya sanduku. "Hilo nalo," akasema, "hukuliandika popote." Kisha akamwambia kwamba ameshawapa masista neno lake, kwamba atapanda meli wiki hiyo hiyo, na kwamba yeye neno lake akishalisema halirudii. Hakulisema kwa hasira. Luhaga alitamani lingekuwa la hasira, maana hasira hupoa.

Alipoinuka kuaga, aliuliza kama ule wimbo wa mwisho aliupata. Odeta akasema aliupata siku ile ile ya tangazo, njiani akirudi nyumbani. "Nitakuimbia usikie binti alivyotoka," akasema. "Lakini sikupi. Huu nauchukua mwenyewe."

Akavuta kigoda kilichokuwa pale uani, akaketi akitazama uzio, mgongo kwake. Aliimba bila kinanda, kwa sauti ya chini, kama anayeimbia kazi. Ulianza mahali ambapo Luhaga hakutarajia, ukapanda kidogo, kisha Odeta akapumua, akanyamaza. Ikampitia Luhaga sekunde moja ya kutoelewa. Halafu akaelewa.

"Ehe," akasema.

Odeta akaendelea. Akapumua. "Ehe," akasema Luhaga, akisogeza kiti karibu. Hivyo hivyo hadi mwisho, yeye akiimba na mwenzake akimwitikia, mara moja kwa furaha, mara moja kwa sauti iliyopasuka, na hapo mwishoni kwa ile ndefu ambayo bibi alikuwa akiingoja kabla ya kuzima taa. Wimbo ulipokwisha Odeta hakugeuka. Luhaga alitoka kwa mlango wa nyuma ili asimlazimishe kugeuka.

Alirudi kwa miguu, kelele za gari zisije zikamdondoshea tuni. Aliibeba kama mtu anayebeba maji viganjani, haongei na mtu, haamkii hata waliomwamkia. Lakini Luhaga ni Luhaga. Hakufika Butimba kabla ya sehemu ya pili kumtoka. Mkuyuni, upepo wa ziwa ulipompiga usoni, alijikuta anavumisha kitu ambacho alijua sicho. Igogo hapakuwa na tuni tena, wala maneno. Kilichobaki kizima, kila kimoja mahali pake, ni pale alipoitikia: ya kwanza mapema, kisha kimya kirefu, kisha mbili zilizofuatana, kisha kimya, kisha ile ndefu.

Siku iliyofuata alikwenda kwa Josephat, akamwambia maneno mapya. Josephat akalalamika kuhusu rangi, lakini akachora. MTUNZI: ODETA. MWITIKIAJI: RUHAGA. Alipomaliza akamwona Luhaga analitazama jina lake, akaguna, akachovya kitambaa kwenye mafuta ya taa bila kuambiwa. Luhaga akamwambia aache hivyo hivyo, hapo pamesomeka. Chenge alitaka kujua watu wakiuliza huyo Odeta ni nani na yuko wapi awajibu nini. Luhaga akasema awajibu kwamba yuko Bukoba.

Jumapili mapazia yaliteremshwa tena. Hadithi ilikwenda, zimwi likapiga ngoma yake, watoto wakapiga kelele walipopaswa kupiga. Mama akaitambua sauti, pipa likafunguliwa, Kija akatoka akasimama katikati ya jukwaa, mdomo umefungwa, kama alivyoagizwa. Mpiga gitaa naye alikuwa ameambiwa aondoe mkono kwenye nyuzi. Ukumbi ukanyamaza ukisubiri.

Luhaga alisogeza kiti chake, akakiweka nyuma ya mahali palipokuwa patupu, kama alivyokaa nyuma ya Odeta kule Nyegezi. Akainamisha kichwa.

"Ehe," akasema.

Kimya kirefu. Mtu alikohoa. "Ehe," akasema, na papo hapo, kwa sauti iliyopasuka, "ehe." Mama mmoja wa mstari wa mbele akamwuliza mumewe kwa kunong'ona, huyu mzee anaongea na nani, na mumewe akamwambia nyamaza, mwache asikilize. Kija alianza kulia pale aliposimama, ingawa hakuna aliyemwagiza kulia.

Luhaga akaitikia ya mwisho, ile ndefu. Kisha, kwa mazoea, akasubiri aendelee.